Saruji ya mfupa kuvuja kwenye L1 iliyobonyea: mnazuiaje, na mnasimama wakati gani?

pingili_L1

Wakuu, habari za kazi. Naleta swali la saruji kuvuja tunapoidunga kwenye pingili iliyovunjika ili kuiimarisha.

Mgonjwa ni mama wa miaka 76 mwenye osteoporosisi (mifupa kukonda), L1, yaani pingili ya kwanza ya kiunoni, imebonyea wiki ya tano sasa. Paracetamol na tramadol hazimsaidii, kugeuka kitandani tu ni kilio. Miguu ina nguvu zote, haja kubwa na ndogo hazina shida. Kwenye MRI, picha za STIR (zinazoonyesha majimaji ya mfupa ulioumia karibuni), L1 inang'aa. Pingili jirani, T12 ya juu na L2 ya chini, hazing'ai. CT ndiyo inayonipa mawazo: bamba la juu la L1 (uso wa juu wa mwili wa pingili) limepasuka upande wa mbele na ufa unafika kwenye diski, halafu ukuta wa nyuma una ufa mwembamba ambao haujasogea.

Puto la kutengeneza nafasi ndani ya pingili kabla ya saruji hatuna. Tuna sindano za mfupa za geji 11, saruji ya kuchanganya kwa mkono na C-arm moja (mashine ya eksirei ya thieta inayozungushwa). Kwa mvunjiko wa namna hii saruji itatokea wapi zaidi? Niweke kiasi gani? Nianze kusukuma ikiwa katika hali gani, maana hapa pwani kiyoyozi kikizidiwa thieta inafika nyuzi 27? Na nikiiona inatoka kwenye skrini, papo hapo nafanya nini?

mifupa_mikavu

Dokta, kabla ya saruji hakikisha kwanza hiyo ni osteoporosisi kweli. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na myeloma (saratani ya uboho) hujificha sana nyuma ya jina la "mifupa ya uzee". Kifua kikuu mara nyingi hula pingili mbili zinazopakana pamoja na diski iliyo kati yao, na usaha hushuka kwenye msuli wa psoas, wa kiunoni. Lakini kikiwahi kupigwa picha kinaweza kuwa kwenye pingili moja tu. Myeloma utaishuku ukikuta damu pungufu, ESR (kasi ya chembe za damu kuzama) iko juu sana, kalsiamu imepanda au figo zimechoka. Pima protini za damu kwa elektroforesisi. Na kwa kuwa kanula (sindano ya kupitishia saruji) itakuwa imeshaingia, chukua kipande cha mfupa kupitia hapo hapo kabla hujasukuma chochote. Kukiwa na maambukizi, saruji ni marufuku.

La pili, uzito wa ushahidi. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio mawili yaliyolinganisha saruji na upasuaji wa kuigiza, na tofauti ya maumivu haikuonekana. Mwaka 2016 jaribio la Australia lililoitwa VAPOUR, wagonjwa 120 wenye mvunjiko wa chini ya wiki 6 na maumivu ya 7 kwenda juu kati ya 10, likaonyesha faida. Mwaka 2018 VERTOS IV ya Uholanzi, wagonjwa 180, ikarudi palepale pa 2009. Mama wako yuko wiki ya tano na maumivu makali, kwa hiyo hoja ipo. Angekuwa na miezi minne na STIR imezima, ningekuambia achana naye, mpe mazoezi na dawa za mfupa.

INR (kipimo cha damu kuganda) iwe chini ya 1.5 na chembe sahani zizidi 50,000. Mengine waliozoea sindano watakujibu.

picha_ya_ubavu

Nianze na njia za kuvujia, kwa sababu ukizijua unajua uangalie picha gani. Yeom na wenzake walizigawa makundi matatu mwaka 2003, na hadi leo ndiyo lugha yetu.

B ni kupitia vena ya basivetebra, ile inayotoka katikati ya mwili wa pingili kwenda nyuma, ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Hii ndiyo ya kuogopa, na ndiyo inayodanganya. Ukuta wa nyuma wa pingili umebonyea kidogo katikati, lakini mstari unaouona kwenye picha ya ubavu ni wa kingo zake za kulia na kushoto. Saruji inaweza kuwa imeshatoka na kulala kwenye kile kibonde, nawe bado unaiona iko "ndani". Ndiyo maana hatungoji ifike kwenye mstari. Ikifika robo ya nyuma ya mwili wa pingili, simama.

S ni kupitia vena za pembeni, zinazozunguka mwili wa pingili kwa mbele na ubavuni. Humwaga kwenye azigosi au vena kava, vena kubwa za kurudisha damu moyoni, na mwisho wake ni mapafu. Kwenye picha ya ubavu hufunikwa na mwili wa pingili, kwa hiyo kila baada ya ml 0.5 hadi 1 zungusha C-arm utazame kwa mbele. Ukiona uzi mweusi unakimbia nje ya pingili halafu unapotea, usidhani umeisha; damu imeubeba.

C ni kupitia ufa wa mfupa wenyewe. Kwa mama huyu hapa ndipo pa kwanza: bamba la juu limepasuka, saruji itataka kupanda kwenye diski ya T12 na L1. Saruji ya kwenye diski mara nyingi haiumi siku hiyo. Lawama yake ni pingili jirani kuvunjika baadaye. Tafiti nyingine zimeliona hilo, nyingine hazikuliona. Ufa wa ukuta wa nyuma ni C pia, ila huo unaelekea kwenye mfereji, na hauna cha kujadili.

Kwa hiyo ncha ya sindano iwe theluthi ya mbele ya mwili wa pingili, na kwa kuwa bamba la juu ndilo bovu, ilenge nusu ya chini, mbali na ufa. Usiiache katikati ya kimo ikiwa nyuma, hapo ni mlangoni pa basivetebra.

Kuingia: panga picha ya mbele mpaka bamba la juu na la chini kila moja lionekane mstari mmoja, na mwiba wa nyuma ukae katikati ya pedikeli mbili (nguzo za mfupa zinazounganisha mwili wa pingili na sehemu yake ya nyuma). Ingia ukingo wa nje juu wa pedikeli, kwenye namba 10 ya uso wa saa kwa pedikeli ya kushoto ya skrini, namba 2 kwa ya kulia. Sheria moja usiivunje: kwenye picha ya mbele ncha isivuke ukingo wa ndani wa pedikeli kabla picha ya ubavu haijaonyesha kwamba imeshapita ukuta wa nyuma. Ukiuvuka mapema umetoboa upande wa mfereji, na tundu hilo halizibiki, saruji italipata. Vivyo hivyo usichome, ukachomoa, ukachoma tena. Kila tundu la ziada ni njia nyingine.

Kiasi. Watu wengi hujaza mno wakidhani saruji nyingi ndiyo nafuu kubwa. Nafuu ya maumivu haifuati ujazo. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2001 kwa L1 zilionyesha kwamba ml 3.5 hivi, karibu 14% ya ujazo wa mwili wa pingili, zinatosha kurudisha ugumu wake wa kabla ya kuvunjika. Ukishika ml 3 hadi 4 kwa L1 umemaliza kazi, na kama picha inakukataza ukiwa na ml 2, basi ni ml 2. Ukipitia pedikeli zote mbili kila upande utahitaji nusu tu, na saruji haitalazimika kusafiri kuvuka katikati ambako vena ipo. Mimi hapa ningepita pande zote mbili.

Jambo la kando: Galibert na Deramond walipoanza kazi hii Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, walikuwa wanajaza uvimbe wa mishipa ya damu kwenye C2, pingili ya pili ya shingo. Mfupa wa osteoporosisi ni habari nyingine. Nyuzi za ndani zimekonda, vyumba vya uboho vimepanuka na vinaungana na vena moja kwa moja. Saruji nyepesi hapo haina kizuizi.

thieta_namba2

Nijibu la joto na la lini kuanza, maana huko ndiko mvujo mwingi unakotengenezwa, mezani kabla sindano haijaguswa.

Unga ni PMMA (plastiki ya akriliki) yenye peroksidi ya benzoili, kimiminika ni monoma ya MMA (malighafi ya plastiki hiyo) yenye kichocheo chake. Vikikutana saa imeanza kuhesabu na huwezi kuisimamisha. Kwanza ni uji, kisha dawa ya mswaki, kisha donge, kisha inashika na kutoa joto. Wewe unaitaka ile ya pili. Wanaoanza ikiwa uji ndio wanaopeleka saruji kwenye vena. Ikifika donge nayo unabaki unagombana na bomba, unaongeza nguvu, halafu inafyatuka ghafla.

Jaribio la mezani: sukuma kidogo kutoka kwenye bomba, ncha ikitazama chini. Ikidondoka, bado. Ikining'inia kama kamba na kujikunja bila kudondoka, na imepoteza ule mng'ao wa majimaji, anza. Andika dakika uliyoanza kuchanganya kwenye ubao, mtu mmoja awe anaisoma kwa sauti kila dakika.

Jedwali la muda lililomo kwenye pakiti kwa kawaida limepimwa kwenye nyuzi 23. Ukiwa nyuzi 27 dakika zinakatika, kwa hiyo usilitegemee. Unga na kimiminika vilale ndani ya chumba chenye ubaridi wa kutosha tangu usiku. Pakiti iliyotoka stoo yenye joto itakushikia mkononi hata kiyoyozi kikifanya kazi. Mabomba yaliyokwisha kujazwa yalaze kwenye bakuli tasa la maji ya chumvi ya baridi, yatakupa dakika za ziada. Bomba liwe limefungwa, maji yasiguse saruji.

Kosa baya ni kuongeza kimiminika ili saruji ichelewe kushika. Saruji inakuwa dhaifu, monoma huru inazidi, na hiyo inaweza kushusha presha ya mgonjwa. Uwiano wa pakiti usiguswe.

Tumia mabomba ya ml 1 yenye kufunga kwa skrubu. Jaza manne au matano. Bomba jembamba linasukuma saruji nzito kwa nguvu ndogo ya kidole, na unajua kila mara umeingiza ngapi. Bomba la ml 10 litakuchosha, kisha utaivuta saruji nyepesi ili lisukumike, na umerudi kwenye tatizo lile lile.

Halafu kuna saruji ambayo watu huisahau, ile iliyobaki ndani ya kanula yenyewe. Geji 11 ya sentimita 12 hivi inabeba kama ml 0.5. Ukirudisha stileti (waya mgumu wa ndani ya kanula) unaiingiza yote kwenye mfupa, na kama ulikuwa umeshasimama kwa sababu ya mvujo, umeongeza nusu mililita juu ya mvujo. Ihesabu tangu mwanzo. Usipoirudisha stileti, nako kuna mkia: ukichomoa kanula saruji ikiwa laini inaburuzwa hadi kwenye msuli. Ngoja ianze kushika, izungushe kanula mizunguko kamili, ndipo uitoe.

Bonge dogo libaki mezani la kupimia, ila kumbuka mwilini ni nyuzi 37. Ya ndani imetangulia kushika kuliko hilo la mezani.

Mvuke wa monoma unawaka na unauma macho; anayechanganya avue lenzi za macho, avae glavu mbili na abadilishe za juu akimaliza, kwa sababu monoma inapenya mpira.

ganzi_na_pumzi

Swali la mwisho la dokta, la papo hapo.

Ukiona inatoka, ondoa shinikizo kwanza. Ukiwa na kifaa cha skrubu cha kusukumia saruji, kirudishe nyuma, kwa sababu saruji iliyobanwa inaendelea kutembea hata ukiacha kuzungusha. Kisha tofautisha imeelekea wapi.

Ikielekea kwenye mfereji, upande huo umefungwa, hakuna mjadala wa "ngoja kidogo". Ikiwa diski au vena ndogo ya pembeni, ngoja sekunde 30 hadi 60 iliyotangulia ishike na kuziba, sogeza ncha mbele kidogo au geuza mdomo wa kanula, jaribu ml 0.2 ukiangalia skrini mfululizo. Ikifuata njia ile ile, acha. Usiangalie skrini kwa vipindi wakati saruji inatembea. Mwanga wa mfululizo au kila ml 0.2 picha. Mionzi punguza kwa kubana dirisha la picha, si kwa kufumba macho.

Mimi napendelea mgonjwa awe macho na ganzi ya ngozi hadi kwenye utando wa mfupa, pamoja na dawa kidogo ya kutuliza. Akisema ghafla mguu unachomwa au unakufa ganzi, hiyo ni taarifa ambayo C-arm haikupi. Akilazwa usingizi kabisa umeipoteza.

Kabla bomba la kwanza halijaanza, daktari aseme kwa sauti "naingiza saruji", ili mtu wa usingizi akodolee macho presha na oksijeni. Presha ikianguka ghafla au oksijeni ikishuka, simamisha, oksijeni ya kutosha, maji, dawa ya kupandisha presha. Inaweza kuwa monoma, mafuta ya uboho yaliyosukumwa kwenye damu, au saruji yenyewe.

Baadaye alale chali saa 1 hadi 2, na miguu ipimwe nguvu na hisia kila dakika 15 saa ya kwanza. Udhaifu mpya wa mguu, au mkojo kuziba, ni CT ya dharura, na kama saruji inabana ni kufungua na kuitoa usiku huo huo. Maumivu ya neva peke yake bila udhaifu mara nyingi yanatulia kwa dawa za kupunguza uvimbe au sindano ya steroidi kwenye tundu la neva.

Ya mapafu: kifua kubana, kukohoa, pumzi fupi, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Eksirei inaonyesha vijiti vyeupe vinavyofuata mishipa. Vipande vidogo vya pembeni bila dalili, anaangaliwa tu. Vikiwa na dalili, au kikiwa kipande cha katikati hata bila dalili, heparini kisha dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida hadi miezi 6. Dawa hizo haziyeyushi saruji. Kazi yake ni kuzuia damu isigande juu ya saruji. Kipande kikubwa chenye dalili nzito kinahitaji mpasuaji wa moyo na mapafu.

pingili_L1

Shukrani sana, mmenifungua. Nimekagua stoo: pakiti zilizopo ni za nyonga, unga gramu 40 na kimiminika ml 20, bariamu 10%. Kuna mwenzetu anashauri tuongeze unga wa bariamu ili ionekane. Pia kifaa cha puto kinaweza kupatikana kwa kuazima. Kinabadilisha chochote?

thieta_namba2

Hiyo ya nyonga usiitumie, dokta. Saruji za pingili nyingi zina bariamu karibu 30% au zirkoni ya kutosha, makusudi ili tone dogo lionekane kwenye C-arm. Ya 10% utaiona ikiwa bonge, lakini uzi mwembamba kwenye vena hutauona, na uzi huo ndio unaoutafuta. Kuongeza bariamu kwa kijiko kunabadilisha muda wa kushika na nguvu ya saruji, na usafi wa unga huo nani ameupima? Kesi si ya dharura, agiza saruji ya pingili. Ukiweza kupata ile nzito tangu inapochanganywa, bora zaidi, maana dirisha lake la kazi ni refu na huna haja ya kuvizia dakika.

picha_ya_ubavu

Puto linasaidia kwa sababu linatengeneza nafasi, na nafasi inakuruhusu kuweka saruji nzito kwa shinikizo dogo. Mivujo hupungua, haiishi. Kwa mama huyu lina hatari yake: ukilijaza sana litapanua ule ufa wa bamba la juu au kusukuma ukuta wa nyuma. Lijaze kidogo kidogo chini ya picha ya ubavu, na liache kabla halijagusa bamba au ukuta, hata kama kimo hakijarudi. Kimo cha pingili kisikutie tamaa.

Iwe kwa puto au bila puto, ufa wa juu unaweza kuuziba kwa awamu mbili. Weka ml 0.5 hadi 1 ya saruji nzito, ya mwisho mwisho kabla ya donge, karibu na ufa. Ngoja ishike. Kisha changanya pakiti ya pili, ujaze sehemu ya chini. Kwa hiyo pakiti ziwe mbili mezani, na ya pili isifunguliwe mpaka uitake. Ukiwa na puto, lile tone la kwanza unalibandika kwa kulijaza puto tena taratibu, linakuwa ganda jembamba linalozuia linalofuata.

mifupa_mikavu

Akitoka thieta msimwache bila dawa za mfupa, pingili inayofuata haisubiri. Alendroneti mg 70 kwa wiki kama anaweza kukaa wima nusu saa baada ya kumeza, la sivyo asidi ya zoledroniki mg 5 kwa mwaka ikiwa figo zinaruhusu na vitamini D imesahihishwa kwanza. Akianzishwa denosumabu mg 60 kila miezi 6, ndugu zake waelezwe wazi kwamba kuikatisha bila dawa mbadala kunaleta mivunjiko ya pingili kadhaa kwa mpigo.

ganzi_na_pumzi

La nyongeza dokta: piga eksirei ya kifua kabla ya upasuaji pia. Mama wa miaka 76 anaweza kuwa na chokaa za kifua kikuu cha zamani, na bila picha ya kulinganisha mtabishana kama ni saruji. Na CT ya L1 baada ya hapo iombe hata kama eksirei ya kawaida ni safi, kwa sababu mvujo wa B mara nyingi huonekana kwenye CT tu.